Wageni laki saba na hesabu ya chumba kimoja

Kila mwezi Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar hutangaza idadi ya wageni walioingia visiwani, na taarifa ya habari huichukua namba ya kwanza na kuisoma kama matokeo ya mpira. Si vibaya, maana ushindi upo. Mwaka 2019 waliingia wageni wapatao 538,000. Korona ikawashusha hadi 260,000 hivi mwaka 2020. Wakapanda tena: 394,000 mwaka 2021, 548,000 mwaka 2022, 638,000 mwaka 2023, na mwaka 2024 wakavuka 736,000. Katikati ya miaka ya 1980 tulikuwa tunapokea kama 20,000 tu kwa mwaka mzima. Leo utalii unakadiriwa kuchangia zaidi ya robo ya pato la Zanzibar na karibu asilimia 80 ya fedha za kigeni. Karafuu, iliyotulea miaka yote hiyo, imekaa nyuma.

Sasa mtafute meneja wa hoteli ya Kiwengwa au Jambiani, umuulize biashara inakwendaje. Hatakutajia laki saba. Atakwambia jana vyumba vingapi vimelaliwa, kwa bei gani, na Masika inayokuja anaiogopa kiasi gani. Uwanja wa ndege unahesabu vichwa. Hoteli inaishi kwa usiku uliouzwa. Hesabu mbili hizi zinaweza kabisa kwenda njia tafauti, na nadhani hapo ndipo mazungumzo yetu kuhusu utalii yanapochanganyika.

Tuchukue hoteli ya mfano, ya kubuni, yenye vyumba 40 pwani ya mashariki. Mwaka una siku 365, kwa hiyo ina usiku 14,600 wa kuuza. Chumba si mchele: kisipolaliwa leo, usiku wake haukai stoo ukauzwa kesho. Tuseme hoteli imeuza asilimia 60 ya usiku huo, yaani 8,760, kwa dola 100 kila mmoja. Imeingiza dola 876,000.

Mwaka unaofuata jirani wawili wanafungua hoteli zao. Wageni wanaoshuka uwanjani wameongezeka, lakini vitanda vimeongezeka zaidi. Meneja wetu anashusha bei hadi dola 80 ili asikose watu, na kweli wanakuja: anauza asilimia 65, usiku 9,490. Mapokezi pamejaa, wahudumu wanakimbia. Piga hesabu: dola 759,200. Amelaza watu zaidi na amepoteza dola 116,800. Tena hao wa ziada wamekula kifungua kinywa, wamefuliwa mashuka, wamewasha viyoyozi na kuoga. Kijuujuu hoteli imefanikiwa, na takwimu ya wageni nayo itasema hivyo hivyo, ila mwenye hoteli anajua kwa nini mwaka huu hakuna nyongeza ya mshahara.

Kwa hiyo ukitaka kujua hoteli zetu zina hali gani, uliza mambo matatu kwa pamoja: vyumba vilivyopo, sehemu yake inayolaliwa, na bei halisi inayofika mkononi. Hilo la tatu ndilo gumu kuliona, kwa sababu bei iliyobandikwa ukutani karibu hakuna mgeni anayeilipa.

Kulielewa hilo inabidi turudi nyuma kidogo. Serikali ilifungua Hoteli ya Bwawani mwaka 1974, na kwa muda mrefu ukitaja hoteli ya maana mjini ilikuwa hiyo. Sheria ya uwekezaji ya 1986 ikawafungulia mlango watu binafsi, na Kamisheni ya Utalii ikaundwa mwaka 1992. Ardhi tangu Mapinduzi ya 1964 ni mali ya Serikali, kwa hiyo mwekezaji hainunui, huikodi: miaka 33, inayoweza kuongezwa hadi 99. Miaka ya 1990 ndege za kukodi zikaanza kuleta Wataliani moja kwa moja, hoteli kubwa zikaota Kiwengwa na Pwani Mchangani, na vijana wa huko wakajifunza Kitaliano ufukweni kabla ya kumaliza skuli.

Mtindo uliokuja na ndege hizo ndio uliotuachia alama. Mgeni analipa kwao, kwa kampuni ya safari, kifurushi kimoja: tiketi, gari la kumpokea, chumba, chakula na vinywaji. Kampuni hiyo imeshakubaliana na hoteli bei ya jumla mapema, pengine mwaka mzima kabla, na bei ya jumla ni ya jumla kweli. Pesa nyingi hazivuki bahari. Mgeni akifika, kila kitu kimo ndani ya ukuta, basi haoni sababu ya kwenda kula kwa Bi fulani kijijini. Anayeuza vinyago nje ya geti anamwona akipita kwenye basi, akienda na akirudi.

Siku hizi wageni wengi hujitafutia chumba wenyewe kwenye mtandao, na hilo limewasaidia wenye nyumba ndogo za wageni za Paje na Jambiani ambao zamani wakala wa Ulaya asingewatazama. Mitandao ya kukatia vyumba nayo hula asilimia 15 hivi, wakati mwengine zaidi, na humwezesha mgeni kuzipanga hoteli kwa bei: ya chini juu. Hoteli ndogo ikitaka kuonekana inashusha. Jirani naye anashusha. Kila mmoja ana sababu nzuri, na mwisho wake ni ule wa meneja wetu wa vyumba 40.

Kuna na msimu. Kipupwe, kuanzia Juni hadi Oktoba, wageni hujaa. Wengi wanatoka Serengeti na Ngorongoro wakija kupumzisha mifupa. Disemba hadi Februari, Kaskazi ikivuma, wanajaa tena; Februari mjini kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara, na chumba Mji Mkongwe kinakuwa cha kuombwa. Halafu Machi mwishoni mvua inaingia, na Aprili na Mei hoteli nyingi za shamba hufunga kabisa au hubaki na upande mmoja. Huo ndio wakati wa kuezua makuti yaliyooza na kuezeka mapya, kupaka chokaa, kubadilisha viyoyozi vilivyoliwa na chumvi. Kwa mfanyakazi ni wakati wa likizo bila malipo, au wa mkataba uliokwisha Machi ukisubiri kusainiwa upya Juni. Ajira ya hoteli huhesabiwa kama ajira moja, lakini kwa wengi ni ya miezi tisa au kumi.

Hapo bado hatujataja misukosuko. Chaguzi zetu zimewahi kuwatia wageni hofu, za 2000 na 2015 zikiwa mfano. Mwaka 2008 waya wa umeme uliolazwa chini ya bahari kutoka bara ulikatika, Unguja ikakaa karibu mwezi mzima gizani. Ukafa tena Disemba 2009, safari hiyo kwa miezi mitatu. Hoteli zilizokuwa na jenereta zilibaki wazi kwa gharama ya dizeli, zisizokuwa nayo zikafunga. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013, lakini jenereta bado ziko pale pale nyuma ya jiko. Kisha korona. Wakati Ulaya imefungwa, anga yetu ilifunguliwa Mei 2020, na Warusi na watu wa Ulaya Mashariki wakaja kwa wingi kuliko wakati wowote. Vita vilipoanza Februari 2022, karibu Waukreni elfu moja walikwama hapa, hoteli nyengine zikiwalaza kwa kusaidiana na Serikali. Soko hilo likatetereka ndani ya wiki moja tu. Mwenye hoteli aliyeipitia miaka hiyo ukimwambia wageni watazidi kila mwaka, atakutazama tu.

Lakini kwa mwananchi swali kubwa ni jengine: katika dola inayolipwa, ngapi zinabaki? Sababu zake nyingi hazimo kwenye hotuba, zimo sokoni.

Nenda Mwanakwerekwe asubuhi mapema, wakati gari za hoteli zinapakia. Mnunuzi wa hoteli ana orodha: tungule kilo 60, mbatata magunia mawili, vitunguu, karoti, matango, mayai trei 40. Anakagua tungule moja moja, maana mpishi wake anataka za ukubwa mmoja, ngumu, zitakazokaa siku nne.

"Ami, hizi za wapi?"

"Za bara. Zimeshuka usiku."

"Za hapa huna?"

"Za hapa zilikuwepo wiki iliyopita. Zimekwisha."

Mkulima wa Unguja ana ardhi na ana mvua, na akipanda anapata. Lakini wote wanapanda wakati mmoja na kuvuna wakati mmoja, kwa hiyo wiki mbili tungule zinaoza kwenye matenga na wiki sita hazipo. Hoteli haiwezi kumwambia mgeni asubiri. Tena hoteli kubwa hulipa kwa ankara, baada ya siku 30, mara nyengine 60, na inataka risiti ya kielektroniki. Mkulima mwenye robo eka anataka pesa leo jioni, anunue mbolea na alipe ada za watoto. Kwa hiyo anayeiuzia hoteli ni dalali mwenye gari, mtaji na risiti, na dalali ananunua panapopatikana kila siku, yaani bara. Hakuna mwenye nia mbaya katika mlolongo huo. Unachokosa ni chumba baridi, chama cha wakulima kinachopanga nani apande lini, na mtu wa kati anayeweza kumlipa mkulima leo na kungoja hoteli mwezi ujao. Ni mambo ya milioni kadhaa za shilingi, si ya mabilioni, na kwa maoni yangu yangeleta zaidi kuliko hoteli nyengine mpya ya nyota tano.

Kwa samaki mambo yanakwenda vizuri zaidi. Mvuvi wa Nungwi au Kizimkazi akishusha changu, nguru au pweza, mpishi yupo dikoni na pesa taslimu. Ubaya wake uko upande wa pili: pweza mzuri anakwenda hotelini, na bei ya anayebaki imempita mama wa nyumbani.

Ajira nayo ina mlolongo wake. Watu hulalamika kwamba kazi nzuri hotelini zimekamatwa na Wabara na Wakenya, na ukiingia jikoni au mapokezi utakuta si uongo mtupu. Lakini tuseme yote. Mwenye hoteli anataka mtu aliyesoma, anayezungumza lugha, na aliyewahi kufanya kazi. Wenzetu waliingia kwenye hoteli kubwa mapema zaidi. Kwetu zipo familia ambazo hazitaki binti yao ahudumie kwenye baa au arudi nyumbani saa sita za usiku, na hilo ni lao, lina heshima yake. Chuo cha utalii cha Maruhubi, ambacho sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), kinatoa vijana kila mwaka, na wanaajirika. Tatizo ni kwamba wengi wanaingia chini na kukaa chini. Sijui hoteli ngapi kubwa ungezipata zenye mpishi mkuu au meneja mkuu Mzanzibari, lakini najua hutahitaji vidole vya mikono yote miwili kuwataja unaowafahamu.

Sasa tuje kwenye maji, ambayo kwangu ndiyo yatakayoamua mustakabali wa biashara hii kuliko ndege au matangazo. Unguja haina mto wa kutegemewa. Maji yetu yapo ardhini, na pwani ya mashariki, kwenye ardhi ya maweni, ni tabaka jembamba la maji matamu lililoelea juu ya maji ya bahari. Ukivuta taratibu mvua inarudishia. Ukivuta kwa pampu usiku na mchana, chumvi inapanda, na kisima kikishaingia chumvi hakirudi haraka. Utafiti wa Stefan Gössling uliochapishwa 2001 ulikadiria kwamba mtalii wa pwani hiyo alitumia lita 685 kwa siku kwa wastani, na mwanakijiji lita 48. Sehemu kubwa haikuwa ya kunywa wala kuoga. Ilikwenda kumwagilia bustani. Wakati huo wageni hawakufika hata robo ya wa sasa, na mabwawa ya kuogelea hayakuwa mlango hadi mlango kama leo.

Ndiyo maana utaona maboza ya maji barabarani asubuhi yakielekea pwani, na hoteli zenye uwezo zimeshaweka mitambo ya kusafisha maji ya bahari. Mitambo hiyo inakula umeme, na umeme unatoka bara kwa waya. Kwa hiyo kila chumba kipya kinachojengwa Nungwi au Paje kina gharama ambayo haimo kwenye ramani yake: sehemu anailipa mwenye hoteli kwa dizeli na boza, sehemu anailipa mama wa kijiji anayeamka saa tisa za usiku kungoja bomba. Vivyo hivyo kwa ufukwe. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na kina mama waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa mwani sasa wanagombania maji madogo na watu wanaoteleza majini kwa tiara na wenye boti.

Upo mfano wa njia nyengine, na uko karibu na mjini. Chumbe, kisiwa kilichotangazwa hifadhi ya matumbawe mwaka 1994, kina nyumba saba tu za wageni. Mapaa yake yanakinga mvua, umeme ni wa jua, vyoo havitumii maji. Hakuna kiyoyozi, na mgeni analipa zaidi ya anayelala penye kiyoyozi. Siwezi kusema Zanzibar yote iwe Chumbe. Nyumba saba haziajiri Mkoa wa Kaskazini. Lakini inatuonesha kwamba bei haitokani na wingi wa marumaru. Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, una kitu kama hicho: mgeni analipia mlango wa nakshi, ukumbi wa juu ya paa na adhana ya Magharibi. Ukimjengea hoteli ambayo angeiona Dubai, utauza kwa bei ya kushindana na Dubai.

Mbele kukoje? Wageni wataendelea kuja, hilo sina shaka nalo sana. Jengo la Tatu la abiria kwenye uwanja wa Abeid Amani Karume limeongeza uwezo wa kupokea ndege, na hata ada mpya hazijawafukuza watu: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni mtu mzima kutoka nje analipa bima ya dola 44 ya Shirika la Bima la Zanzibar. (Watu wazima wanne ni dola 176 kabla hawajaona bahari. Wanaolipa hoteli ya dola 400 hawasikii. Wa nyumba ndogo za wageni wanasikia.) Wasiwasi wangu uko kwenye vitanda. Mbali na hoteli, sasa kuna fleti zinazouzwa kwa wageni Fumba, Paje na kwengine, na mnunuzi ambaye hakai hapa mwaka mzima huipangisha kwa usiku. Visiwa vidogo kadhaa vimeshakodishwa kwa wawekezaji tangu 2021. Kila kimoja kina hoja yake, lakini vyote vinaingia kwenye soko lile lile la usiku wa kuuza, na ikiwa vitanda vitakua haraka kuliko wageni wanaolipa vizuri, bei itashuka kwa wote, na mshahara na kodi vitaifuata.

Pemba ndiyo sehemu ambayo bado haijaamuliwa. Ina watu zaidi ya laki tano na hoteli chache mno, nyingi zikiwa ndogo na ghali: Wambaa, na rasi ya Kigomasha kule juu ya msitu wa Ngezi, ambako tangu 2013 kipo hata chumba kimoja kinachoelea baharini, kitanda chake kikiwa chini ya maji. Wapiga mbizi wa dunia wanaujua mkondo wa Pemba. Barabara na uwanja wa ndege vikitengenezwa, wawekezaji watavuka, na watakuja na michoro ya Nungwi mkobani.

Kabla ya kusaini, kuna mambo ambayo shehia na Serikali zinaweza kuyadai sasa na hazitaweza kuyadai baadaye: maji yatatoka wapi, na nani atayapima, sehemu gani ya mboga na samaki itanunuliwa Pemba, na italipwa ndani ya siku ngapi, vijana wangapi wa Wete na Micheweni watasomeshwa kazi za jikoni, hesabu na umeneja kabla mlango haujafunguliwa, njia ya wavuvi na ya kina mama wa mwani itapita wapi ufukweni. Yote hayo yanaandikika kwenye mkataba wa ardhi. Yasipoandikwa, mkataba huo ni wa miaka 33.